Dakika Nne za Kumtoa Mtu Paani

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo kabla sijamaliza kuanika. Nguo nimezianua zikiwa nzito kuliko nilivyozitoa kwenye beseni, nikazitandaza kwenye viti vya sebuleni, na sasa nyumba nzima inanuka sabuni. Mwaka jana niliandika ripoti ndefu kuhusu mvua ambayo haikuwa imenyesha bado. Safari hii nataka kuiandika huku inanyesha, nione kama ilisoma ripoti yangu.

Dada na mumewe walikuja kula mchana, wakazihamisha blauzi zangu ili wapate pa kukaa. Shemeji ni mwokoaji wa helikopta. Maji yakizunguka nyumba, yeye ndiye anayeshuka kwa waya hadi kwenye paa, anamfunga mtu mkanda kifuani na kupanda naye. Anakula upesi upesi kama mtu anayesubiri kuitwa, na kweli anasubiri kuitwa. Tangu siku ya harusi yao hajawahi kuniita shemeji. Anasema hilo ni neno la wageni; ananiita Bi Hesabu. Leo aliniuliza kompyuta yangu inasemaje, mwaka huu tutalowa? Nikamwambia tutalowa. Tulicheka, dada akatuambia tuache kucheka na mdomo umejaa.

Jumanne, 4 Machi

Kampuni yetu ya ushauri ni ndogo, ina vyumba vitatu na mashine ya kahawa iliyokufa ambayo hakuna mwenye moyo wa kuitupa. Tunawafanyia wizara na majeshi hesabu kabla hawajanunua vyombo vya kuruka: zinatosha ndege ngapi, zikae wapi, mbili zikiharibika kwa pamoja itakuwaje. Tunajenga modeli kwenye kompyuta, tunaleta mafuriko ya kuigiza, na tunayarudia mafuriko hayo maelfu ya mara mpaka jibu litulie. Kwenye skrini yangu mtu anayesubiri juu ya paa ni nukta nyekundu. Akiokolewa anakuwa kijani.

Bosi wetu tunamwita Profesa kwa sababu huvaa miwani yenye kamba na hajawahi kumfundisha mtu chochote. Leo ametukusanya kutuambia kwamba Kanali, mkuu wa kikosi cha uokoaji, ameipenda ripoti yetu kupita kiasi. Ameichukua namba yetu moja, dakika nne za kumnyanyua mtu mmoja kutoka paani, akaifanya kipimo cha kikosi kizima. Imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa banda la helikopta. Profesa aliitoa habari hiyo kama mtu anayetangaza posa. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, ingawa namba ni yangu na si ustaarabu mtu kujipigia makofi.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Kikao. Mvua.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji leo hakula upesi. Alizungusha kijiko kwenye sahani mpaka dada akamwuliza kama anatafuta kitu humo ndani.

Ikabidi dada aseme mwenyewe. Siku hizi kila helikopta inapanda na mkaguzi mwenye saa. Mto wa chini ulipofurika Jumatano, shemeji alitumia dakika saba, nane, kwa kila mtu. Waliporudi, Kanali alimwuliza mbele ya vijana kama amechoka. Si kwa ubaya, dada alisema, alimwuliza kwa upole, na upole ndio uliomuua. Msimu ukiisha, wasiofikia kipimo watashushwa kwenye helikopta na kupelekwa stoo kushona mikanda.

Shemeji aliniangalia. "Wewe umesoma mambo haya, Bi Hesabu. Hiyo nne inawezekana kweli, au wanatutania?"

Nikasema inawezekana, imepimwa. Nilijibu haraka kama mtu aliyeulizwa kama mlango ameufunga. Hakuniuliza imepimwa na nani. Hajui kwamba kazi ile ilikuwa ya kampuni yetu, maana mikataba ya jeshi hatuisemi nyumbani, na leo nimeshukuru kwa kanuni hiyo kuliko siku zote. Kisha nikaona haya kwa kushukuru.

Jumatatu, 10 Machi

Niiandike nne ilivyopatikana, maana kichwani inanizunguka.

Ilikuwa kiangazi. Kikosi kilifanya zoezi kwenye uwanja wa nyasi, jua kali, hakuna upepo. Wahanga wa mafuriko walikuwa askari. Walilazwa kwenye nyasi, kila mmoja na kipande cha boksi kifuani: MZEE, MJAMZITO, MTOTO. Aliyekuwa MTOTO alikuwa na sharubu, na miguu yake ilitoka nje ya duara lililochorwa kuwa paa. Mwokoaji alishuka, akamnyooshea mkono MZEE, MZEE akanyanyuka kwa ukakamavu, akafungwa mkanda, akaenda zake. Akafuata MTOTO. Nilisimama pembeni na saa yangu, nimevaa kofia kubwa, nikiandika. Dakika nne, nne, tatu na kitu, nne. Sijawahi kupata takwimu safi kama zile. Nilifurahi.

Katika rasimu niliandika, kwenye sehemu ya tunayoyadhania: "Wahanga wanashirikiana na mwokoaji." Chini yake nikaongeza kwamba jambo hili halijathibitishwa na huenda namba halisi ikawa kubwa. Profesa akasema sentensi ya pili inampa mteja wasiwasi bure. Nikaifuta. Sikubishana naye wala sikununa. Nilikuwa na haraka ya kwenda likizo.

Nne ilikuwa ya kukadiria idadi ya helikopta, haikuwa ya kumpimia mtu kazi. Lakini namba haina kinywa cha kujieleza ikishafika ukutani.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua imeingia dirisha la ofisi. Tumeweka mashine ya kahawa izuie maji, hatimaye imepata kazi.

Jumapili, 16 Machi

Leo shemeji alinivuta barazani, dada asisikie. Alitaka nimsaidie kuona anapokosea. Aliongea kwa adabu, kama mwanafunzi aliyefeli, mtu aliyeshuka kwenye maji ambayo mimi nisingethubutu kuyatazama hata kwenye televisheni.

Anasema kufunga mkanda si kazi, mkanda anaufunga macho yamefumbwa. Shida ni kwamba hakuna anayetaka kutangulia. Mama anasema mchukue mtoto kwanza. Mtoto anashika sketi ya mama. Mzee anasema wachukue hawa wote, mimi mniache mwisho, na akibaki peke yake anagoma, anasema hawezi kuiacha nyumba. Basi shemeji anapiga magoti juu ya mabati na kuanza kubembeleza, helikopta inaunguruma juu ya kichwa chake. Mkaguzi naye anahesabu.

"Nadhani nimekuwa laini," alisema. "Uzee huo. Vijana hawabembelezi kama mimi."

Hapo ndipo ningesema. Nafasi ilikuwepo, pana kabisa. Nilichosema ni hiki: "Basi usibishane nao. Anza na aliye karibu nawe, yeyote yule. Wengine watafuata."

Alitikisa kichwa kukubali, akarudia maneno yangu polepole ili asiyasahau. Kisha akanishukuru. Nimeandika neno hilo na nimelitazama kwa muda mrefu. Alinishukuru.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwendea Profesa. Nilimwambia kwamba ile nne ni ya askari waliolala kwenye nyasi, na sasa watu wanapimwa nayo na kufedheheshwa. Akanisikiliza vizuri, akavua miwani, ikaning'inia. Akasema namba ikishatoka nje ya nyumba hatuiendei mbio barabarani. Mwakani Kanali atataka modeli ya helikopta mpya, hapo tutairekebisha kimyakimya, na hakuna atakayeaibika. Akaniuliza kama nina mtu wangu kwenye kikosi. Nikasema hapana.

Nimemkana mume wa dada yangu kwa neno moja, mbele ya mtu mwenye miwani ya kamba. Nikarudi mezani kwangu, nikafungua modeli, nukta zikaendelea kuwa kijani.

Jumanne, 25 Machi

Shemeji ametuma ujumbe: ameshuka hadi dakika tano na nusu. Ameweka dole gumba. Nami nikamrudishia dole gumba.

Jumapili, 30 Machi

Hawakuja. Shemeji yuko kazini. Nilipika na kula peke yangu, sikujua nilichokula.

Ijumaa, 4 Aprili

Kingo za mto zilikatika juzi. Jana asubuhi dada alinipigia, hakusalimia. Alisema nimchukue, twende kambini, shemeji ameumia mkono.

Tulimkuta kwenye zahanati ya kikosi, amekaa kwenye kitanda cha chuma na viatu vyake, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Nilidhani ni waya uliomkata. Kumbe ameng'atwa. Aliyemng'ata ni mwanamke.

Alitusimulia akitazama sakafu. Juzi alasiri walikuta watatu juu ya paa moja, wamejibanza kwenye tangi la maji: mama, mtoto wa kiume ambaye hajaanza shule, na babu wa mtoto. Mama alikuwa karibu na pale waya ulipotua. Alianza kusema mtoto kwanza, mtoto kwanza. Shemeji hakubishana naye. Alianza na yeye. Alimpitishia mkanda huku bado anasema, akatoa ishara, wakanyanyuliwa. Yule mama alielewa walipokuwa tayari hewani, alipoona mtoto wake amebaki chini na anazidi kuwa mdogo. Hakupiga kelele. Aliinama akazamisha meno yote kwenye mkono uliomshika, na hakuachia mpaka walipovutwa ndani.

Shemeji aligeuka ili ashuke tena. Rubani akakataa. Mvua ilikuwa imefunga mbele kama pazia, mafuta yalikuwa ya kurudi tu. Wakaondoka. Mama yule alilala kifudifudi kwenye sakafu ya helikopta njia nzima, na shemeji akamshikilia kwa mkono uleule ili asijirushe.

Mvua ilitulia kidogo jana alfajiri, wakarudi. Waliwakuta wote wawili hai. Babu alikuwa amemfunga mjukuu wake kwenye nguzo ya tangi kwa shati lake mwenyewe, na yeye amekaa kifua wazi, amemkumbatia. Babu yuko hospitali, mapafu. Mtoto hana jeraha hata moja, ila hasemi. Wanamwita, anageuka, hasemi. Daktari anaamini sauti itarudi.

Dada alikuwa analia kimya. Shemeji akainua macho, akanitazama mimi, akasema jambo ambalo alidhani litanifurahisha kidogo.

"Mama yule nilimtoa kwa dakika nne kamili, Bi Hesabu. Mkaguzi amenipongeza."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua karibu na mapipa ya taka. Kwenye modeli yangu safari ile haina dosari. Mama alikuwa nyekundu, akawa kijani. Mama kwanza au mtoto kwanza, kompyuta haijui tofauti, kwa sababu mimi sikuiambia.

Jumatatu, 7 Aprili

Wenzake kikosini wamempa jina. Wanamwita Mtamu. Dada alinieleza kwenye simu huku anajaribu kucheka, akashindwa katikati.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua ya rasharasha. Sikwenda kazini, nikasema nina homa. Sina homa.

Jumapili, 13 Aprili

Walikuja. Shemeji anakula kwa mkono wa kushoto, kwa kijiko. Ameruka tena mara mbili tangu siku ile, na mara zote mbili amekuwa wa mwisho kikosini. Dakika tisa, kumi. Anasema sasa anamwuliza kila mtu: nani atangulie? Na anasubiri wakubaliane. Mkaguzi anamkoromea kwenye redio, yeye anapunguza sauti.

Ameitwa kwenye kikao cha tarehe ishirini na nne. Anajua ni cha kumpeleka stoo. Hana nia ya kujitetea, anasema namba ni namba. Atashona mikanda, kuna walioshona mikanda maisha yao yote na wakazeeka vizuri. Dada aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumatano, 16 Aprili

Profesa amekuja mezani kwangu akitabasamu. Kanali ameomba kampuni imtume mtu kwenye kikao cha tarehe ishirini na nne, akaeleze namna kipimo kilivyopatikana, ili askari wasiseme wameonewa. Profesa ataongoza, mimi nitaonyesha slaidi. Picha za zoezi zisiwemo, alisema, zina mambo mengi.

Jumanne, 22 Aprili

Nimepiga pasi suti. Nimeipiga tena.

Alhamisi, 24 Aprili

Chumba kilikuwa kirefu, chenye meza ndefu, na chupa ndogo za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Kanali alikaa kwenye ncha ya meza. Shemeji alikaa upande wa pili na sare yake, bendeji imeshatolewa. Aliponiona nikiingia nyuma ya Profesa alishangaa, kisha akanitabasamia. Alidhani nimekuja kumsemea. Tabasamu lile nitakufa nalo.

Profesa aliongea vizuri. Alisema mbinu zinazokubalika, alisema takwimu thabiti. Akanipa zamu. Niliwasha slaidi ya kwanza, yenye grafu nzuri ya buluu, na ile nne imesimama katikati. Kanali akauliza kwa upole wake ule, hao waliopimwa walikuwa katika hali gani.

Goti la Profesa likagusa langu chini ya meza.

Nikasema walikuwa askari. Nikasema walilala kwenye nyasi kavu, wamebeba vipande vya boksi, na kwamba MTOTO wetu alikuwa na sharubu. Mtu mmoja akacheka. Wengine hawakucheka, naye akaacha. Nikasema kila aliyeambiwa nyanyuka alinyanyuka, kwa sababu alikuwa askari na aliyemwambia alikuwa mkubwa wake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mtoto juu ya lile paa. Nikasema nne ni muda wa kumnyanyua mtu asiyekuwa na wa kumwacha.

Kanali hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Na nyinyi mlilijua hilo mlipotuletea?"

"Nililijua mimi," nikasema. "Nilikuwa na saa mkononi. Niliandika tahadhari, kisha nikaifuta."

Sikutaka kumtazama shemeji lakini macho yana kiburi chake. Tabasamu lilikuwa limeondoka. Alikuwa anarudi nyuma kichwani mwake, nilimwona, Jumapili baada ya Jumapili: sahani, baraza, dole gumba. Alipofika mwisho wa hesabu aliweka mkono wa kulia chini ya meza.

Ijumaa, 25 Aprili

Ile namba imepakwa chokaa. Shemeji anabaki kwenye helikopta, na wakaguzi wameshushwa. Dada ameniandikia neno moja, asante, bila nukta wala chochote. Shemeji hajaandika.

Jumanne, 29 Aprili

Profesa hasemi nami, ananitumia barua pepe kutoka chumba cha pili. Nimeagizwa nisahihishe modeli. Zile dakika zinazoongezeka juu ya paa ameziita "muda uliopotea". Nimefuta, nikaandika "kubembeleza". Amerudisha maneno yake. Nimerudisha langu. Tumefanya hivyo mara kadhaa, bila mmoja wetu kutoka chumbani.

Jumapili, 4 Mei

Dada alikuja peke yake. Alisema mumewe anapumzika. Tulitazama mvua ikipungua. Nilipomwuliza habari za mtoto yule, alisema ameanza kuomba maji.

Jumapili, 11 Mei

Leo jua limetoka kweli, nikaanika kila kitu, hata mapazia.

Shemeji alikuja peke yake, bila kupiga simu. Sikuwa nimepika. Nilimchemshia chai, tukakaa barazani, palepale. Alishika kikombe kwa mkono wa kulia na niliyaona meno ya yule mama, nusu duara mbili, ngozi mpya imeng'aa.

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa majuma, na yalitoka machache tu. Alisikiliza. Alisema mambo ya ofisini anayaelewa, hata jeshini mtu husaini asichokiamini kwa sababu bosi yuko mlangoni. Hiyo nne, alisema, ameisamehe. Akakizungusha kikombe.

"Ile ya kuanza na aliye karibu," akasema. "Nayo mliipima?"

"Hapana."

"Ilikuwa kwenye vitabu?"

"Hapana. Ile niliitoa mwenyewe, hapahapa."

"Ili iweje?"

Ningeweza kusema ili kukusaidia. Nilikuwa na neno hilo tayari mdomoni, na lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake.

"Ili nne isiwe uongo," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama siku ile alipokuwa anayakariri maneno yangu. Alimaliza chai yote, akakiweka kikombe chini bila kelele. Akainuka, akapita katikati ya nguo zangu kwenye kamba akizisogeza kwa adabu ili asizichafue, na kwenye geti akageuka.

"Haya, shemeji," akasema. "Tutaonana."